Kicheko Kinapobeba Hoja: Nafasi ya Ucheshi katika Kuelezea Sayansi

Utangulizi

Mwalimu yeyote wa Kiswahili ambaye amewahi kusahihisha maswali ya mbinu za sanaa anaifahamu sentensi hii: "Mwandishi ametumia ucheshi ili kuichangamsha hadhira." Mtahiniwa hutaja mbinu, hudondoa mfano, huandika kwamba mfano huo unachekesha, kisha hupata alama yake na kuendelea na swali linalofuata. Sisi nasi tumeizoea hali hii. Tumewafunza wanafunzi kuuona ucheshi kama bizari: ukiwepo chakula kinanoga, usipokuwepo chakula ni kile kile.

Makala haya yananuia kuuhoji mtazamo huo kwa kuangalia uwanja ambao wahakiki wa fasihi hatuugusi mara kwa mara, yaani matumizi ya ucheshi katika kuelezea sayansi na teknolojia kwa watu wasio wataalamu. Dai letu ni kwamba katika maelezo ya aina hii, ucheshi wenye thamani ni ule usioweza kuondolewa pasipo hoja nayo kuondoka. Mzaha na ukweli wa kisayansi vikiwa kitu kimoja, msomaji hucheka na kuelewa kwa wakati mmoja. Mzaha ukiwa umebandikwa tu juu ya ukweli, msomaji huondoka na mzaha na kuuacha ukweli, na pengine huondoka na uongo.

Huenda mwenzangu akauliza, hili linamhusuje mwalimu wa Kiswahili? Linamhusu sana. Katika shule zetu za upili, Biolojia, Fizikia na Kemia hufundishwa kwa Kiingereza. Mahali ambapo mwanafunzi hukutana na sayansi kwa Kiswahili ni katika vifungu vyetu vya ufahamu na ufupisho, ambavyo mara nyingi huhusu magonjwa, mazingira na mitambo ya kisasa. Mwanafunzi huyo ndiye atakayemweleza nyanya yake nyumbani kile alichosoma, na hatamweleza kwa Kiingereza. Tukikifundisha kifungu vibaya, madhara yake yanaweza kufika mbali kuliko alama za mtihani.

Tunamcheka nani?

Wanafalsafa wameeleza asili ya kicheko kwa njia mbalimbali. Miwili kati ya mitazamo yao inatosha kwa haja yetu. Thomas Hobbes, katika kitabu chake Leviathan (1651), aliona kwamba mtu hucheka anapojiona ghafla kuwa bora kuliko mwingine. Immanuel Kant, mwaka 1790, alikihusisha kicheko na matarajio: akili hujiandaa kupokea jambo fulani, kisha matarajio hayo yakayeyuka ghafla.

Tofauti ya mitazamo hii ina uzito katika uelezaji wa sayansi. Kicheko cha Hobbes kinahitaji mtu wa kuchekwa. Katika maelezo ya sayansi mtu huyo kwa kawaida huwa ni yule asiyejua: mzee wa kijijini anayeiogopa simu, au mama anayedhani kwamba malaria huletwa na embe bichi. Tumeviona vichekesho vya namna hii katika maigizo mengi ya shule na ya redio. Kicheko cha Kant hakihitaji mjinga. Kinahitaji jambo ambalo lenyewe linakwenda kinyume na tulivyodhani, na sayansi imejaa mambo ya namna hiyo. Mwandishi anayejua kazi yake hulitafuta jambo hilo katika sayansi yenyewe, akaliacha lichekeshe.

Mfano kutoka fasihi simulizi

Mbinu hii haikuanza na vitabu vya kisasa. Tutazame kitendawili ambacho wengi wetu tulikisikia utotoni: "Nina saa ambayo haijapata kusimama tangu ilipotiwa ufunguo." Jibu lake ni moyo.

Mtegaji anaanza kwa majigambo. Ana saa, na saa ilikuwa mali ya mtu mwenye uwezo. Tena saa yake si ya kawaida, kwani haijasimama hata mara moja. Msikilizaji anajiandaa kumwonea kijicho tajiri huyu. Jibu linapotolewa, utajiri wote unayeyuka: hata yeye msikilizaji anayo saa hiyo hiyo kifuani. Tunacheka, na hakuna aliyedunishwa. Papo hapo tumepewa maelezo ya kisayansi: kwamba moyo ni mtambo, kwamba mapigo yake yana mpangilio kama ya saa, na kwamba haupumziki tunapolala. Ukiondoa kichekesho katika kitendawili hiki, hakibaki kitu cha kuelezea moyo.

Hata hivyo, mhakiki anapaswa kutaja mipaka yake. Saa ya ufunguo huhitaji mkono wa kuizungusha kila mara, lakini moyo una seli zake zenyewe zinazoanzisha kila pigo. Pili, mfano wa kiteknolojia huzeeka. Nilipokitega kitendawili hiki darasani, swali la kwanza halikuwa kuhusu moyo. Mwanafunzi aliuliza, "Mwalimu, saa inatiwaje ufunguo?" Kizazi cha simu hakijawahi kuona saa ya kuzungushwa. Ilinibidi niieleze teknolojia ili teknolojia iueleze mwili, na kufikia hapo kicheko kilikuwa kimekwisha. Anayetunga mzaha wa kisayansi hana budi kujua hadhira yake ina nini mikononi.

Mbu, miguu na jibini

Mfano wetu mkuu ni wa kweli, na unahusu mdudu anayefahamika katika kila nyumba ya Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1990 watafiti wawili kutoka Uholanzi, Bart Knols na Ruurd de Jong, walitaka kujua mbu wa malaria huuma sehemu gani ya mwili. Njia yao ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kuivumilia: mtu alivua nguo, akaketi bila kutikisika, na kila mbu alipotua kuuma, mahali pale paliandikwa. Waligundua kwamba mbu wa aina ya Anopheles atroparvus, ambaye ni wa Ulaya, alipenda zaidi sehemu za kichwani, akifuata pumzi. Anopheles gambiae, ambaye ni msambazaji mkubwa wa malaria barani Afrika, alipenda miguu na vifundo vyake.

Kwa nini miguu? Hapo ndipo jibini inapoingia. Kuna jibini ya Ulaya iitwayo Limburger, maarufu kwa uvundo wake. Uvundo huo hutokana na bakteria aitwaye Brevibacterium linens, na jamaa yake wa karibu huishi katikati ya vidole vya miguu ya binadamu. Kwa maneno mengine, watu wanaposema kwamba jibini ile inanuka kama miguu, wanasema jambo lenye msingi wa kibiolojia. Watafiti hao walionyesha kwamba mbu jike wa Anopheles gambiae huvutwa na harufu ya jibini hiyo kama anavyovutwa na harufu ya miguu ya mtu. Kwa kazi hiyo walipewa tuzo ya Ig Nobel ya Biolojia mwaka 2006.

Tuzo hii, iliyoanzishwa mwaka 1991 na mhariri Mmarekani Marc Abrahams, inastahili kutazamwa na mwanafasihi. Jina lake ni mchezo wa maneno: limechukua jina la tuzo maarufu ya Nobel na kulifanya lisikike kama neno la Kiingereza lenye maana ya kitu kisicho na heshima. Hupewa kazi ambazo kwanza humchekesha mtu, kisha humfanya afikiri. Mpangilio huo ni muhimu. Kicheko kinafungua mlango, na fikra ndiyo inayoingia.

Sasa tukichambue kisa hiki kama tungechambua hadithi fupi. Wahusika wake ni mbu, mtafiti aliye uchi na kipande cha jibini. Kejeli yake inamwelekea mwanasayansi mwenyewe: mtu aliyesoma hadi chuo kikuu ameketi bila nguo akihesabu mbu. Mwelezaji anayejiweka yeye mwenyewe mahali pa kuchekwa humwondolea msikilizaji hofu ya kuonekana mjinga. Hii ndiyo siri ya watani katika jamii zetu. Mtani mzuri huanza kwa kujitania, na baada ya hapo anaweza kukwambia neno zito ukalipokea. Kilele cha kisa ni pale vitu viwili visivyohusiana, chakula cha Mzungu na unyayo wa binadamu, vinapogunduliwa kuwa na mkazi wa ukoo mmoja. Kilele cha kichekesho ndicho hicho hicho kilele cha sayansi. Huwezi kusimulia ugunduzi bila kuchekesha, wala kuchekesha bila kusimulia ugunduzi.

Kisa hiki hakikuishia katika kicheko. Huko Ifakara, Tanzania, ambako Knols naye aliwahi kufanya kazi, watafiti akiwemo Fredros Okumu walichapisha mwaka 2010 matokeo ya mchanganyiko wa harufu uliotengenezwa na binadamu, wenye kemikali kama amonia na asidi ya laktiki, ambao uliwavuta mbu kuliko mtu mwenyewe alipokuwa katika kibanda kingine. Vyombo vya habari viliueneza utafiti huo kwa jina la "soksi zinazonuka". Hapa Kenya, katika kisiwa cha Rusinga kilichomo Ziwa Victoria, mitego yenye harufu ya binadamu iliwekwa katika maelfu ya nyumba, ikiendeshwa kwa umeme wa jua ambao pia uliwapa wenye nyumba taa na uwezo wa kuchaji simu. Mtego wenyewe uliitwa Suna, neno la Kidholuo lenye maana ya mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba maambukizi ya malaria yalikuwa chini kwa takriban asilimia 30 miongoni mwa watu waliowekewa mitego, yakilinganishwa na wale ambao walikuwa hawajawekewa. Mbu wa aina ya Anopheles funestus walipungua kwa takriban asilimia 69. Mzaha wa miguu na jibini ulikuwa umefika kwenye paa za mabati za Rusinga.

Kicheko kinapopotosha

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuusifu ucheshi. Lakini yaliyonipata darasani yananizuia.

Miaka kadhaa iliyopita niliwasimulia wanafunzi wa Kidato cha Pili kisa hiki, kisha nikawapa kazi ya kukifupisha. Nilikisimulia kwa mbwembwe. Niliikuza sehemu ya soksi, nikaigiza mbu anayenusa kiatu, nikataja mabweni. Walicheka hadi mwalimu wa darasa la pili akachungulia dirishani. Niliporudi na madaftari yao jioni, nilikuta wengi wameandika kwamba mbu hupenda miguu michafu, na baadhi wameongeza kwamba anayeosha miguu kabla ya kulala hawezi kupata malaria. Hakuna hata mmoja aliyetaja bakteria.

Wiki hiyo hiyo mwanafunzi mmoja alirejea shuleni kutoka nyumbani alikokuwa akiugua malaria. Kabla ya kengele ya saa nne alikuwa amekwisha kupewa jina jipya. Walimwita Soksi. Mvulana huyo alinyamaza muhula mzima, na alikuwa mtu wa kuinua mkono. Jina lile lilitoka kinywani mwangu, ijapokuwa sikulitamka.

Nilirudia kuchunguza nilikokosea, nami nawaeleza wenzangu kama mhakiki anayehakiki kazi yake mwenyewe. Nilikuwa nimekihamisha kicheko. Katika kisa cha asili, kinachochekesha ni uhusiano wa jibini na ngozi, jambo linalomhusu kila mwenye miguu. Katika usimulizi wangu, kilichochekesha kilikuwa soksi chafu, nayo soksi chafu ina mwenyewe. Nilikuwa nimetoka kwa Kant na kwenda kwa Hobbes bila kujua. Wanafunzi walifanya kile ambacho kicheko cha namna hiyo huwataka watu wafanye: walimtafuta wa kuchekwa.

Tena ukweli uliopotea ndio uliokuwa na manufaa. Bakteria wa ngozi wamo katika miguu ya kila mtu, msafi na asiye msafi. Malaria haitokani na uchafu wa mwili. Huletwa na vimelea ambavyo mbu amevichukua kwa mtu mmoja na kumpelekea mwingine. Knols na de Jong waliijaribu hata hoja ya kuosha miguu. Miguu ilipooshwa kwa sabuni ya kuua bakteria, mbu hawakuacha kuuma. Waliuma sehemu nyingine za mwili. Utafiti uliofuata ulionyesha pia kwamba ukaribu na ardhi una nafasi yake katika uchaguzi wa mbu, kwa hiyo harufu si maelezo yote.

Nilirudi darasani na kisa kile kile. Safari hii nilisema, "Ukiosha miguu, mbu hakosi chakula, anabadilisha sahani tu." Walicheka tena. Nikawauliza ni sahani gani zilizobaki, wakaanza kuzitaja: mikono, shingo, masikio. Msichana mmoja akasema, "Basi afadhali kuifunika meza yote," akimaanisha chandarua. Sikuhitaji kuongeza neno. Mzaha wa pili haukuwa mkali kama wa kwanza, lakini ulikuwa umebeba matokeo ya utafiti yalivyo, na mwanafunzi aliweza kuuendeleza mwenyewe bila kupotoka. Kuhusu mvulana yule, nilimwomba radhi kando, kisha nikalieleza darasa kwamba mimi nami ninao bakteria wale wale. Jina halikufa siku hiyo, ila lilipungua makali.

Funzo nililopata ni kwamba dawa ya mzaha mbaya katika sayansi si lazima iwe kukaza uso. Mara nyingi ni mzaha uliofanyiwa kazi zaidi.

Sayansi kama chombo, na suala la lugha

Kuna mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa na hili tunalolijadili. La kwanza ni kazi zinazotumia sayansi kwa lengo jingine. Riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi (1995), inamsafirisha Dzombo kwa chombo cha angani, na ina ucheshi na kejeli tele. Lakini jina lenyewe, ukilikata vizuri, linasomeka "wale ni sisi". Chombo kile kinatupeleka mbali ili tujitazame. Mwanafunzi anayetafuta ndani yake elimu ya anga ameisoma vibaya, na mwalimu anayeilaumu kwa kutofafanua mitambo amekosa lengo. Huko sayansi inaihudumia kejeli. Katika kisa cha mbu, ucheshi unaihudumia sayansi.

La pili ni lugha. Jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza kutolewa nchini Kenya mwaka 2010, huandikwa kwa Sheng, na baadhi yetu tumelikataza shuleni kwa sababu hiyo. Mojawapo ya mafunzo yake yaliyotajwa sana lilihusu kupaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwatambue. Jaribu kukieleza kisa hicho kwa Kiswahili sanifu: mwewe anaelea juu, anaona kitu chenye rangi ya waridi kikichakura, na hana habari kwamba kinaliwa. Kichekesho kimebaki vile vile, kwa kuwa kilikuwa katika wazo la jinsi mnyama mwindaji anavyokitambua chakula chake. Hiki ni kipimo kizuri. Mzaha unaokufa unapohamishiwa lahaja au rejista nyingine ulikuwa mzaha wa maneno. Unaosalia ulikuwa mzaha wa hoja. Mwalimu anaweza kuligeuza zoezi hili kuwa somo la isimujamii bila kulitetea wala kulishutumu jarida lenyewe.

Maswali ya kumwongoza mwanafunzi

Kutokana na mifano hii, napendekeza kwamba tunapohakiki ucheshi katika kifungu cha kisayansi tuwaulize wanafunzi maswali matatu, badala ya kutosheka na lile la "toa mfano wa ucheshi".

Kwanza, ukiufuta mzaha, maelezo yanabaki kamili? Yakibaki kamili, mzaha ulikuwa pambo. Pambo si kosa, lakini lisisifiwe kama maelezo.

Pili, ni nani au ni nini kinachochekwa? Kama ni mgonjwa, maskini au asiyesoma, mwanafunzi aulize mtu huyo angehisi nini akikisoma kifungu. Mwandishi anayetaka kuieleza dawa kwa mgonjwa hafiki mbali kwa kumcheka mgonjwa.

Tatu, msikilizaji akiuendeleza mzaha kwa hatua moja, atafika wapi? Mzaha wa soksi chafu uliendelezwa ukafika kwenye uongo na jina la kuumiza. Mzaha wa sahani uliendelezwa ukafika kwenye chandarua. Swali hili ndilo gumu zaidi, na ndilo linalofaa kuulizwa na mtunzi pia, si mhakiki peke yake. Wanafunzi wanapoandika insha, hotuba au tahadhari kuhusu kipindupindu au matumizi ya simu, tuwaruhusu wachekeshe, kisha tuwape wenzao insha hizo wazisimulie upya. Usimulizi wa pili hufichua kilichobaki kichwani.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ucheshi katika kuelezea sayansi unaweza kuwa ndio maelezo yenyewe, kama tulivyoona katika kitendawili cha moyo na katika kisa cha mbu na jibini. Yameonyesha pia kwamba kicheko kile kile kikisogezwa kidogo kutoka mahali pake huweza kuufuta ukweli na kumwumiza mtu. Hivyo basi, mtahiniwa anayeandika kwamba ucheshi "unachangamsha hadhira" hajakosea, ila ameishia mlangoni. Tumdai aeleze hadhira hiyo, baada ya kuchangamka, inajua nini ambacho haikukijua. Na kabla ya kumdai yeye, tuyapitie upya maelezo yetu wenyewe darasani. Daftari za jioni zitatuambia kama tulieleweka au tulichekwa tu.